"Alikwenda Tanga akapotelea huko": tusaidiane kutafuta kumbukumbu za vifo vya babu na bibi zetu

#1 Mjukuu wa Buha

Wakuu, habari zenu.

Babu yangu mzaa baba aliondoka Kasulu, Kigoma, kwenda Tanga kukata mkonge wakati baba hajaanza hata kutembea vizuri. Hakurudi. Baba hakuachiwa historia nyingine ya mzazi wake zaidi ya hiyo: "Alikwenda Tanga akapotelea huko." Bibi naye alifariki 1963, baba akalelewa na baba zake wadogo, na kwetu haikuwa adabu mtoto kuwahoji wakubwa habari za mtu aliyepotea. Miaka minne iliyopita, baba akiwa amelazwa, aliniambia: "Mwanangu, mimi sijui hata mwezi wa kumwombea baba yangu." Tangu siku hiyo sijatulia.

Naweka hapa nilikopita, kwa sababu najua humu wapo wengi wenye babu aliyepotelea Tanga, Songea, Johannesburg au vitani. Mwisho wa uzi nina swali ambalo limenikwamisha miezi minane.

Nilianza na cheti cha kifo, kama ambavyo kila mtu angeanza. Kuna ofisi moja ya wilaya nilisafiri kwenda mara tatu, na mara zote tatu nikaambiwa mwenye ufunguo wa masjala hayupo. Mara ya nne nilimkuta mzee mmoja mstaafu, amekuja kufuata mambo yake. Akanikalisha kwenye benchi, akanieleza jambo ambalo lingeniokolea nauli yote ile. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo tunayo tangu mwaka 1920, enzi za Mwingereza. Lakini ulazima wake kwa miaka mingi ulikuwa kwa Wazungu na Wahindi. Mwafrika wa kijijini, au aliyeko kambi ya manamba (vibarua wa mashamba makubwa), akifa hakuna aliyelazimika kwenda kumwandikisha. Kwa hiyo cheti nilichokuwa nakitafuta huenda hakikuwahi kuandikwa.

Akaniongezea jingine: kifo huandikishwa kilikotokea, hakifuati marehemu alikozaliwa. Mimi nilikuwa nahangaika Kigoma wakati mtu wangu alifia Tanga.

Halafu kuna mipaka. Miaka ya 50 Kasulu ilikuwa chini ya Jimbo la Magharibi, na makao makuu yake yalikuwa Tabora. Nilipofika Nyaraka za Taifa pale Dar nikaomba majalada ya "Mkoa wa Kigoma", nikapewa machache mno, nikadhani safari imeishia hapo. Dada wa kwenye chumba cha kusomea ndiye aliyenishtua kwamba nitafute kwa jina la jimbo la wakati ule. Mezani yakaja majalada mengine kabisa. Babu sikumkuta, ila niliona barua za boma (ofisi ya serikali ya wilaya) kuhusu watu waliofia mashambani wakiwa hawajalipwa ujira wao. Bwana DC, mkuu wa wilaya, wa huku anamwandikia mwenzake wa kule: fulani amekufa, ana shilingi kadhaa na blanketi, tafadhali watafuteni warithi wake. Nilisoma hizo barua nikalia palepale mezani.

Zile barua ndizo zilizonibadilisha. Nikaacha kuuliza "cheti cha babu kiko wapi", nikaanza kuuliza "babu alipokufa, nani alilazimika kufanya nini?" Mwajiri alipaswa kufunga hesabu yake. Boma litafute warithi. Ukoo ugawane shamba na ng'ombe. Na bibi yangu, ambaye aliolewa tena, ilibidi mtu fulani akubali kwamba yeye ni mjane.

Hapo ndipo nikakumbuka: bibi alikuwa Mkatoliki na ndoa yake ya pili ilifungwa kanisani.

Nikaenda parokia ya zamani ya kwao, moja ya zile walizofungua wamisionari Mapadri Weupe. Paroko alinipokea vizuri sana. Katekista akanitolea kitabu kikubwa cha ubatizo, jalada limeliwa na mende pembeni, wino umekuwa wa kahawia. Nilimkuta babu amebatizwa akiwa kijana mkubwa. Jina lake la ukoo limeanza na L wakati sisi tunaandika R, nami nilikuwa nimelipita mara mbili. Pembeni ya mstari wake kuna maandishi madogo yaliyosongamana, mwandiko wa mtu mwingine na wino mwingine. Nimeyanakili hivi:

Ob. in Tanga (sisal) IX-56. Test. jur. duo. Cf. L.M. 312

Nimesoma kwamba babu alikuwa shamba linaloitwa "Obin", kule Tanga, na IX-56 nikadhani ni namba yake ya umanamba. Nimeulizia wazee wa Muheza, Korogwe na Pangani, hakuna anayelijua shamba la Obin. Mwenye kujua naomba anisaidie.

---

#2 Kinyamagezi

Naweka kambi hapa. Mama yangu analia kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, kwa sababu hiihii.

---

#3 Masjala

Dada, umeandika vizuri. Nimefanya kazi za usajili miaka kadhaa, niongezee kidogo kwa wanaotafuta vifo vya karibuni, tuseme kuanzia miaka ya 70 kuja huku.

Msajili wa wilaya kwa huku bara ni ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, na juu yake ni RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kifo kikitokea hospitali, hospitali inatoa kibali cha mazishi na taarifa. Kikitokea nyumbani, taarifa hupitia kwa mtendaji wa kijiji au kata. Sheria inataka kiandikishwe ndani ya siku 30. Wengi hawafanyi hivyo. Wanakuja miaka saba baadaye kwa sababu ya kiwanja au mafao, na hapo ndipo penye mtego kwa mtafuta ukoo: cheti kilichoombwa miaka saba baadaye kimejazwa kwa kumbukumbu za mtoa taarifa. Umri wa marehemu ni makisio. Nimeona ndugu wawili wa tumbo moja, kwa vyeti vyao, wamepishana miezi minne. Kwa hiyo ukipata cheti, angalia kwanza kiliandikishwa tarehe ngapi na nani alitoa taarifa. Cheti kilichoandikwa wiki ileile nakiamini. Kilichoandikwa baada ya muongo nakichukua kama maneno ya shahidi mmoja.

Na msimpe kishoka (dalali wa vyeti) hata shilingi. Cheti cha kughushi kitakuharibia mirathi na kitaharibu historia ya ukoo wako kwa wajukuu watakaokuja kukiamini.

Ila mimi ningeanza na faili la mirathi la Mahakama ya Mwanzo. Ndani kuna muhtasari wa kikao cha ukoo. Ule muhtasari ni hazina: siku aliyokufa, alikozikwa, wake zake wote, watoto wa ndani na wa nje, waliohudhuria na uhusiano wao, na sahihi au dole gumba. Hakuna karatasi nyingine inayokusanya ukoo mzima hivyo.

---

#4 Frateri Mstaafu

Binti yangu Mjukuu wa Buha, pole na hongera. Acha kutafuta shamba la Obin, halipo.

Nilisoma seminari miaka ya 60, kabla Kilatini hakijaondoka. Hilo ni neno "ob." na neno "in". Padri alibana mwandiko. "Ob." ni kifupi cha obiit, yaani alifariki. "In Tanga" ni Tanga. Sisal ni mkonge. "IX-56" ni mwezi wa tisa, mwaka 1956. "Test. jur. duo" ni testes jurati duo, mashahidi wawili walioapishwa. "Cf." ni linganisha, na "L.M." ni Liber Matrimoniorum, kitabu cha ndoa, namba 312.

Isome sasa kwa pamoja: *Alifariki Tanga, kwenye mkonge, Septemba 1956. Mashahidi wawili wameapa. Tazama kitabu cha ndoa, 312.*

Nieleze kwa nini padri aliandika hivyo. Bibi yako asingeweza kufunga ndoa ya pili kwa sababu tu mume hajarudi. Padri alipaswa kujiridhisha kwamba mume wa kwanza amekufa kweli, la sivyo angekuwa anamfungisha ndoa mke wa mtu. Boma halina cheti, shamba liko mbali, basi waliitwa watu waliomwona akifa au waliomzika, wakaapa mbele ya padri. Ndoa ile 312 nina hakika kabisa ni ya bibi yako, na majina ya wale mashahidi wawili yako ama palepale ama kwenye karatasi za uchunguzi wa ndoa zilizofungwa pamoja nayo. Rudi parokiani binti yangu. Rudi wiki hii.

---

#5 Kinyamagezi

Nimesoma #4 nikasimama.

---

#6 Mjukuu wa Buha

Mzee wangu Frateri, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako saa tano usiku, nikamwamsha baba kwa simu. Nilimwambia neno moja tu, "Septemba." Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwaka?" Nikamwambia 56. Akasema, "Nilikuwa na miaka minne." Hakusema zaidi.

Naenda Kasulu Jumatatu.

---

#7 Frateri Mstaafu

Marahaba binti yangu. Ukiwa njiani, hizi hapa za kukusaidia usihitaji kuniuliza kila mstari. *Vidua* ni mjane mwanamke, *viduus* ni mwanamume. *Sepultus est* au *sepulta est*, alizikwa. Ukiona *in periculo mortis* kwenye ubatizo, mtu huyo alibatizwa akiwa katika hatari ya kufa. Mara nyingi ubatizo huo ndio kumbukumbu pekee ya kifo chake, kwa hiyo fungua kitabu cha vifo cha wiki zile. Kitabu cha vifo chenyewe ni *Liber Defunctorum*. Kila parokia inatakiwa iwe nacho, lakini ndicho kitabu kilichotunzwa vibaya kuliko vyote, kwa sababu hakuna anayekuja kuomba nakala yake. Cha ubatizo kinahitajika ili mtu aoe, ndiyo maana kimeishi.

Utakutana pia na *pater ignotus*, baba hajulikani. Ukikuta hilo kwenye mstari wa jirani, funga mdomo. Wapo watu hai ambao ni wajukuu wa mstari huo.

---

#8 Ubena

Wakuu, mnaongea habari za 1956 mimi nawaonea wivu. Baba wa babu yangu alichukuliwa upagazi Vita Kuu ya Kwanza, 1917, kusini huko. Kituo chake cha mwisho hakijulikani.

Nimeandika kwa tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita, CWGC. Walinijibu kwa heshima, jina halipo. Wapagazi waliochukuliwa na Waingereza peke yao katika vita ile wanakadiriwa kufika milioni moja, na waliokufa wakaandikwa kwenye hesabu ni karibu 95,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Waliandikwa kama idadi. Pale kwenye Sanamu ya Askari, Samora, iliyowekwa 1927, maandishi ya Kiswahili yanawataja wapagazi kuwa ni miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba ukifa watoto wako watakumbuka jina lako. Nimesimama pale mara nyingi. Hakuna jina hata moja.

Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilitoa taarifa ikakiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nilishukuru kwa kukiri. Lakini Kariakoo imebeba jina la kikosi kile cha wapagazi, Carrier Corps, mpaka leo, na babu yangu hana pa kuandikwa.

Je, mbinu ya dada Mjukuu inaweza kufanya kazi kwa 1917?

---

#9 Masjala

Mkuu Ubena, kwa wapagazi ni vigumu, nisikudanganye. Ungeulizia upande wa mke wake na mdogo wake. Nani alimrithi mjane? Mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo ya kurithiwa ana umri gani? Ukipata umri wa mtoto huyo unapata mwaka ambao ukoo ulikata tamaa ya kumsubiri. Si tarehe ya kifo, lakini ni mwaka.

---

#10 Binti wa Ngong Road

Ndugu zangu wa Tanzania, hamjambo? Niko Nairobi. Kwa Vita ya Pili hali ni tofauti kabisa, naomba Ubena na wengine wasikate tamaa kwa wale waliokuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku kwetu) au kikosi cha mizinga. Tovuti ya CWGC ni bure, unaandika jina la ukoo na kuchagua vita. Jaribu tahajia tano, sita. Mimi nilimpata kaka yake nyanya yangu baada ya kuondoa herufi moja ya mwanzo.

Yeye alikuwa kwenye meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo. Ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944, ikazama kwa dakika chache mno. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wanajeshi wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Jina lake liko kwenye ukuta wa kumbukumbu hapa Ngong Road, kwenye makaburi ya vita. Nyumbani tulikuwa tukiambiwa "alimezwa na maji", tukadhani ni mafumbo ya wazee. Kumbe walisema lilivyokuwa.

Kwa Wakenya wanaosoma: usajili wa vifo kwetu ulikuwa wa Wazungu na Wahindi kwanza pia. Wa Waafrika ulianza kuwa lazima wilaya kwa wilaya kuanzia 1963, na kufikia 1971 ndipo ukaenea nchi yote. Kabla ya hapo tafuta gazeti rasmi la serikali, Kenya Gazette. Matoleo ya zamani yapo mtandaoni na unaweza kutafuta kwa jina. Matangazo ya mirathi yanasema marehemu alikuwa wa kata gani, alifia wapi na tarehe gani. Mimi nimepata watu wanne wa ukoo humo bila kutoka nyumbani. Na kwa vifo vya miaka ya karibuni, naibu wa chifu ndiye aliyetoa kibali cha kuzika, kwa hivyo mtafute yule aliyekuwa naibu wakati huo hata kama amestaafu.

---

#11 Mwana wa Pangani

Assalaam alaykum. Wenzangu mmezungumza makanisa, sisi Waislamu tuseme nini? Msikiti wetu hauna kitabu cha waliozikwa. Maiti huzikwa siku ileile na kaburi halijengewi.

Ila nyumba nyingi za Pwani zilikuwa na kitabu. Kwetu ni ukurasa wa nyuma wa msahafu wa babu, na kwa jirani ni daftari la duka. Waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: fulani bin fulani amefariki usiku wa Ijumaa, mwezi kadhaa wa Shaabani, mwaka kadhaa. Sasa vijana wanaharibu mambo mawili hapa.

La kwanza, mwaka wa Hijria una siku 354 hivi. Ukihesabu "miaka 60 iliyopita" ya Hijria kama ya kawaida, utapotea karibu miaka miwili. La pili ni hilo "usiku wa Ijumaa". Kwa wazee wetu siku huanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa ni usiku ambao nyinyi mnauita wa Alhamisi. Nimeona ukoo mmoja wamegombana na cheti cha hospitali kwa tofauti ya siku moja, na wote wawili walikuwa sahihi.

Na dada Mjukuu, mkonge ndiko kwetu huku. Karibu na kila shamba la zamani kuna makaburi ya kambi. Ukifika Tanga usiende kwa wenye shamba kwanza, nenda kwa wazee waliozaliwa kambini. Kuna Waha, Wamanyema na Warundi wengi waliobaki huku, wamezeeka na Kiswahili cha Bondei.

---

#12 Tukuyu

Kwetu ni Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodini. Nani hana babu aliyekwenda Wenela? Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ilichukua watu wa nyanda za juu kusini mpaka Uhuru ulipokuja. Nyaraka za TEBA, warithi wa Wenela, zinatunzwa Chuo Kikuu cha Johannesburg. Niliandika barua pepe nikiwa na jina, jina la chifu wa wakati ule na miaka ya kukisia. Chifu ni muhimu kuliko kijiji, kwa sababu waliandikwa kwa chifu wao. Bado nasubiri jibu, nitarudi hapa.

---

#13 Mlalo

Kwa Walutheri wa Usambara na Kilimanjaro: vitabu vya kale ni vya Kijerumani. Msalaba mdogo † ni kufa, "gest." ni alikufa, "begr." ni alizikwa. Mwandiko wenyewe ni wa kizamani, hata Mjerumani wa leo anaushindwa, kwa hiyo piga picha safi kwa ruhusa ya mchungaji, mtafute anayeujua.

---

#14 Mjukuu wa Buha

Nimerudi wakuu. Samahani kwa ukimya wa wiki tano.

Ndoa 312 ni ya bibi yangu, mwaka 1958. Kwenye jina lake pameandikwa *vidua*, kama Mzee Frateri alivyosema. Karatasi ya uchunguzi ilikuwa imekunjwa ndani ya kitabu, imeshonwa kwa uzi mweusi. Mashahidi wawili, mmoja ameweka dole gumba, mwingine ameandika jina lake kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza ukubwani. Padri ameandika maelezo yao kwa Kifaransa, na paroko akanisaidia kuyasoma.

Walikuwa kambi moja na babu. Aliugua homa siku nne. Siku ya tatu mnyapara alimwandikia amefanya kazi ili kipande chake (kadi ya siku za kazi) kijae siku 30 alipwe, kwa sababu zilikuwa zimebaki siku mbili. Alifariki usiku. Walimbeba kwa machela ya milingoti ya mkonge na blanketi lake mwenyewe, wakamzika asubuhi. Walivyorudi navyo ni kipande, shuka moja na shilingi ambazo hazikutajwa ni ngapi. Vyote walimkabidhi bibi.

Kumbe bibi alijua. Alikuwa na shuka lake. Baba alikuwa mdogo wa kuambiwa, halafu bibi akafa kabla ya kumwambia, na waliobaki wakarithisha neno moja tu: amepotea.

Nilimtafuta yule aliyeandika jina lake kwa herufi kubwa. Amefariki, lakini mtoto wake yupo, mzee wa makamo ya baba yangu, kilima cha pili tu kutoka kwetu. Tumekua tukipita mbele ya nyumba yao kwenda mnadani. Baba alipotajiwa jina alisema, "Yule ndiye aliyenipa mbuzi nilipokuwa naoa. Sikujua kwa nini."

Mtoto wake alijua jina la shamba. Liko upande wa Muheza. Sitaliandika hapa.

Nimefuata ushauri wa Mwana wa Pangani, sikupitia kwa wenye shamba. Bibi mmoja aliyezaliwa kambini alinipeleka. Makaburi yako nyuma ya kambi ya zamani, mwarobaini mmoja mkubwa na mawe yaliyozama. Hakuna jina. Akanionyesha upande walikozikwa watu wa Kigoma, kwa sababu walizikwa kwa makundi ya kwao. Nilichukua udongo kwenye kitambaa. Baba ameuweka kichwani mwa kaburi la bibi, Septemba hii tumesoma misa ya kwanza.

---

#15 Kinyamagezi

Dada, mama yangu amesoma hii kwa sauti, ameomba nikuulize jina la parokia. Babu yake naye alikwenda Tanga, na wao ni wa upande huohuo.

---

#16 Mjukuu wa Buha

Kinyamagezi, nimekutumia ujumbe wa faragha.

Na kwa wengine wa Kasulu: kabla ya kuondoka niliomba ruhusa nikapitia pembezoni mwa kitabu chote cha ubatizo, kurasa moja baada ya nyingine, siku mbili nzima. Nimehesabu watu 11 wenye maneno yaleyale, *ob. in Tanga*, na wawili wa Morogoro. Paroko amekubali nimtajie anayeuliza kama jina la mzee wake limo, lakini nakala atoe yeye mwenyewe kwa mwanaukoo. Niandikieni jina la ubatizo, jina la baba yake na kilima alichotoka. Andikeni kwa R na kwa L.